Mtoto Mchanga Ana Dhambi Gani?

Waswahili wana desturi ya kumwita mtoto mchanga malaika. Kamusi zetu zinaitambua maana hiyo, tena zinaiweka karibu na ile ya kiumbe wa mbinguni, na hakuna mama ashangaaye mwanawe akiitwa hivyo. Lakini katika lugha hiyo hiyo, mama huyo huyo akiingia kanisani huenda akafundishwa kwamba malaika wake amezaliwa na dhambi ya asili. Wengi wetu huyabeba maneno haya mawili maisha yetu yote, moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto, bila kuyagonganisha. Hugongana siku mtoto afapo.

Nazungumzia jambo hili nikiwa mwanaisimu, si mwanatheolojia, na nalizungumzia nikiwa mtu wa Gesima, katika Masaba Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Upande huu wa nchi una historia ndefu ya madhehebu kupakana. Mapadre wa Mill Hill walifungua kituo chao Nyabururu mwaka 1911. Waadventista Wasabato wakaja Nyanchwa, karibu na mji wa Kisii, muda mfupi baadaye. Walutheri kutoka Sweden wakafuata mwaka 1948, na leo wana chuo chao cha theolojia pale Matongo. Makanisa ya Kipentekoste hayahitaji kutajwa, kwa kuwa sauti zao tunazisikia kila usiku. Matokeo ni kwamba katika boma moja la Gesima utamkuta baba Msabato, mama Mkatoliki na wifi Mpentekoste. Jumamosi nusu ya nyumba huenda ibadani na nusu huchuma majanichai. Jumapili zamu hugeuka. Watu hawa huishi kwa amani ya kustaajabisha, na ugomvi wao wa kweli huanza siku anapozaliwa mtoto. Nyanya Mkatoliki ataka mtoto anyunyiziwe maji upesi, asije akafa bila ubatizo. Babu Msabato asema mtoto awekwe wakfu tu, ubatizo usubiri mpaka ajue maana ya toba, na siku hiyo azamishwe majini mwili mzima. Nyuma ya mabishano hayo ya maji kidogo na maji mengi limejificha swali zito zaidi: mtoto huyu ana dhambi au hana?

Swali hili si la vitabuni tu. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, nchini Kenya, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengi wao, yamkini, hufa kabla mhudumu yeyote wa dini hajawagusa. Nyuma ya kila mmoja yuko mama ambaye bado maziwa yanamtoka.

Nilihudhuria mazishi ya mmoja wao si muda mrefu uliopita. Alikuwa mtoto wa siku tisa. Kanisa lililohusika sitalitaja, wala kiongozi aliyeongoza ibada, kwa sababu naamini alisema alichofundishwa kusema. Watu walikuwa wachache, kama ilivyo ada katika mazishi ya mtoto mdogo kiasi hicho. Kaburi lilichimbwa karibu na migomba, na jeneza lilibebwa na mtu mmoja. Kiongozi alieleza kwa Kiswahili kizuri, tena kwa upole, kwamba mtoto huyu amekufa angali na dhambi ya asili, na kwamba sisi tuliobaki tujifunze kutochelewesha mambo ya Mungu. Magokoro, yaani nyanya yake mtoto, mwanamke ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, aliomba atafsiriwe. Kijana mmoja akamtafsiria kwa Ekegusii. Yule mzee akauliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka kweli kuelezwa: mtoto alifanya nini? Hakuna aliyemjibu. Kiongozi alifungua kitabu akasoma sala, na mama mtoto, aliyekuwa ameketi chini, alijifunika uso kwa leso na hakuufunua tena mpaka tulipotawanyika.

Nadai kwamba swali la magokoro lilikuwa swali sahihi la kisarufi, na kwamba theolojia ya makanisa yenyewe, ikisomwa vizuri, iko upande wake zaidi kuliko ilivyokuwa upande wa yule kiongozi. Kilichoponza ni maneno.

Tulitazame neno dhambi. Limetoka katika Kiarabu, nalo katika matumizi ya Kiswahili huandamana na vitenzi vya utendaji. Dhambi hutendwa na hufanywa; kisha huungamwa, hutubiwa, husamehewa. Mtu akikuambia kuwa ana dhambi, utauliza mara moja amefanya nini, hutauliza amezaliwa wapi. Katika Ekegusii jambo hili liko wazi hata zaidi. Dhambi ni ebibe, umbo la wingi katika ngeli inayolingana na ki-vi ya Kiswahili. Ni vitu vibaya, vinavyohesabika, kimoja baada ya kingine. Kutokana na mzizi ule ule tunalo neno jingine, obobe, katika ngeli inayolingana na u- ya dhahania: ubaya, hali ya kuwa baya. Msemaji wa Ekegusii ana masanduku mawili tofauti, moja la matendo na jingine la hali. Yule kijana mfasiri alipokuwa akitafuta neno la kumpa nyanya yake, alichukua lililo karibu, ebibe, naye nyanya akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akaomba orodha.

Sasa tulitazame neno la pili, asili. Kwetu asili ni chimbuko, lakini pia ni tabia ya kitu jinsi kilivyo, kile ambacho hakibadiliki hata ukikioshaje. Tunasema mtu amerudia asili yake. Basi ukiyaunganisha maneno hayo mawili na kumwambia mzazi kwamba mwanawe ana dhambi ya asili, amesikia kwamba uovu ndiyo hulka ya mtoto, ndivyo alivyoumbwa. Hakuna kanisa kubwa la Kikristo linalofundisha hivyo. Kusema kwamba Mungu aliumba kitu ambacho asili yake ni uovu kungekuwa uzushi wa aina ile ambayo Mtakatifu Augustino, baba wa fundisho lenyewe, aliipinga kwa nguvu zote baada ya kuuacha Umani. Tena kuna kichekesho kidogo hapa. Wakristo wa nchi za Kiarabu nao huliita fundisho hili kwa maneno mawili ambayo sisi pia tunayo: la kwanza ni lile tulilolifanya kuwa hatia, la pili ni asili. Sisi hatia tumeipeleka mahakamani, tukalibakisha dhambi kanisani. Lakini mwombolezaji aliye kaburini huyasikia yote mawili kwa pamoja.

Nimemtaja Augustino, na sharti nikae naye kidogo, kwa sababu alikuwa Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, mwaka 354, na kwa sababu jambo zima hili, kwa sehemu fulani, liligeuka kwenye kirejeshi kimoja. Mtume Paulo, katika sura ya tano ya Waraka kwa Warumi, mstari wa 12, anaeleza jinsi dhambi na mauti vilivyoingia ulimwenguni kupitia mtu mmoja, kisha anaongeza kishazi kifupi kuhusu watu wote kutenda dhambi. Katika Kigiriki kishazi hicho huanza kwa kihusishi na kirejeshi ambavyo wataalamu wengi leo huvielewa kuwa na maana ya “kwa sababu”, na ndivyo Biblia yetu ya Union ya mwaka 1952 ilivyovichukua. Augustino, ambaye Kigiriki chake hakikuwa kikubwa, alitumia Kilatini kilichosomeka “ambaye katika yeye” wote walitenda dhambi. Na huyo, alisema, ni Adamu. Kwa hiyo sisi sote, pamoja na mtoto wa siku tisa, tulikuwa ndani ya Adamu alipokula tunda, na tulikula naye.

Mwanafunzi wa Kiswahili ataona mara moja uzuri wa mfano huu. Kirejeshi cha Kilatini kingeweza kurejelea mtu, na kingeweza pia kurejelea jambo zima lililotangulia. Kiswahili hakimpi mfasiri maficho hayo: lazima uchague ngeli. Ukisema “ambaye”, umemlenga Adamu. Ukisema “ambayo”, umelenga mauti au dhambi. Ukisema “kwa sababu”, umewaacha wote wakitenda dhambi zao wenyewe, na mtoto ambaye hajatenda amebaki nje ya sentensi. Sidai kwamba karne kumi na sita za theolojia zimejengwa juu ya kosa moja la tafsiri. Augustino alikuwa na hoja nyingine, mojawapo ikiwa kwamba kanisa la zamani zake lilikuwa tayari likiwabatiza watoto kwa maondoleo ya dhambi, akauliza ni dhambi gani hiyo kama hawana. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ulimuunga mkono dhidi ya wafuasi wa Pelagio. Naye hakuukimbia mwisho wa hoja yake: watoto wanaokufa bila ubatizo, alisema, wataadhibiwa, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Waliokuja baada yake hawakuweza kuimeza kauli hiyo, wakabuni limbo, mahali pasipo mateso wala pasipo kumwona Mungu.

Katika Maungamo yake Augustino anasimulia pia jinsi alivyomwona mtoto mchanga, asiyeweza hata kusema, akimtazama kwa wivu mwenzake aliyekuwa akinyonya titi lile lile. Aliuona huo kuwa ushahidi wa uovu uliomo ndani ya mtoto. Akina mama waliowahi kulea pacha watanisamehe nikisema kwamba askofu huyu mkubwa aliiona njaa akaiita dhambi.

Je, makanisa ya leo yanasemaje? Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakiri waziwazi kwamba neno dhambi, likitumika kwa mtoto mchanga, linatumika kwa mlinganisho tu: ni kitu kilichopokewa, hakikutendwa, ni hali, si kitendo, na hakina sura ya kosa la binafsi kwa mzao yeyote wa Adamu. Msomaji ataona kwamba hii ni tofauti ile ile ya obobe na ebibe. Katekisimu hiyo inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwenye huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Theolojia, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, ilichapisha hati inayosema kuwa kuna sababu nzito za kutumaini wokovu wa watoto hao, na kwamba limbo haikuwahi kuwa fundisho la lazima. Waadventista kwa upande wao hufundisha kwamba tunazaliwa na udhaifu na mwelekeo wa uovu, na ndiyo maana hawaoni haja ya kumbatiza asiyeweza kutubu. Waorthodoksi tangu zamani wamesema tulirithi kwa Adamu mauti, hatukurithi hatia. Walutheri ndio wanaosema kwa ukali zaidi: Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linaihesabu hali hiyo ya kuzaliwa kuwa dhambi kwelikweli, inayohukumu. Kwa hiyo sitamdanganya msomaji kwamba tofauti zote ni za maneno. Zipo zisizo za maneno. Lakini ugomvi ninaousikia Gesima si ule wa Augsburg. Ni ugomvi wa watu wanaodhani kwamba mmoja wao anamtuhumu mtoto na mwingine anamtetea, ilhali mafundisho ya pande zote mbili hayamtuhumu kwa tendo lolote.

Rafiki yangu mmoja mwanatheolojia, niliyemsomea hoja hii, alinijibu kwamba nikiliondoa neno dhambi nitauondoa na ubatizo wa watoto; na kama mtoto ni malaika, Kristo alikufa kwa ajili ya nini? Alinikumbusha Zaburi ya 51, ambayo mtunzi wake anaungama kwamba alikuwa katika uovu tangu mimba yake. Hoja yake ni nzito, ila nadhani Zaburi hiyo ni sauti ya mtu mzima aliyetenda jambo baya sana, akilitazama kwa majonzi mpaka mwanzo wa maisha yake. Ni toba ya mtu juu yake mwenyewe, si cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwingine. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anakataa katakata kwamba mwana aubebe uovu wa babaye. Na kuhusu ubatizo, mtu huhitaji kuponywa jeraha ambalo hakujitia. Daktari hamuulizi mtoto aliyezaliwa na ugonjwa amekosa nini ndipo amtibu.

Wala si kweli kwamba utamaduni wetu unakosa njia ya kulieleza jambo hili. Wazee wetu waliamini amasangia, madhara yaliyoletwa na uzinzi wa mke, ambayo yangeweza kumuua mume aliyekuwa kitandani akiugua bila habari yoyote. Siitetei imani hiyo, iliyowaelemea wanawake peke yao. Nataja tu kwamba ilitenganisha madhara na hatia. Mfano ulio safi zaidi ni deni la mahari. Baba akifa kabla ya kumaliza kutoa ng'ombe, mwana hulirithi deni, na wakweze babaye watakuja kulidai kwake. Mwana atalipa. Lakini hakuna hata mmoja katika baraza la wazee atakayesimama aseme kwamba mwana ndiye aliyeoa.

Majirani zetu Waislamu, ambao neno dhambi lilifika katika Kiswahili pamoja na dini yao, hawana tatizo hili kabisa: kwao kila mtoto huzaliwa katika maumbile safi, fitra, na hakuna mbebaji abebaye mzigo wa mwingine. Wamisionari walipoanza kutafsiri walilikuta neno likiwa na maana hiyo tayari, wakalipa kazi mpya bila kulibadilisha nguo. Ludwig Krapf alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo, kile chenye habari za Adamu na tunda, mjini Mombasa mnamo Juni 1844. Mwezi uliofuata mkewe, Rosine, alijifungua binti. Mama akafa, na kichanga naye akafa siku chache baadaye. Walizikwa upande wa bara wa Mombasa. Alikuwa tayari amempoteza binti mwingine mwaka 1843, aliyezaliwa kabla ya wakati nyikani walipokuwa safarini kutoka Uhabeshi. Krapf mwenyewe alimbatiza, akampa jina la Kihabeshi lenye maana ya chozi. Mara nyingi nimejiuliza mtu huyu aliirudiaje meza yake ya tafsiri, na sura ya tatu ya Mwanzo ikimngoja.

Pendekezo langu ni dogo. Wanaoandaa katekisimu na vitabu vya ibada kwa Kiswahili na kwa Ekegusii waache kulitumia neno dhambi ya asili bila maelezo mbele ya watu wasio wasomi wa theolojia. Maneno yapo: urithi wa Adamu, jeraha la Adamu, upungufu wa kurithi, na kwa Ekegusii mfasiri achukue kutoka sanduku la obobe, asichukue kutoka lile la ebibe. Mabadiliko haya hayamlazimu Mkatoliki kuacha kumbatiza mtoto wake wa wiki mbili, wala hayamlazimu Msabato kuanza. Yanamwezesha kila mmoja kueleza anachokiamini bila kumfanya mama aliyefiwa aketi chini akitafuta kosa ambalo mwanawe hakuwa na muda wa kulitenda.

Na kwa upande wa mazishi, hakuna la kusubiri. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inamruhusu askofu kukubali mtoto azikwe kwa ibada kamili ya Kanisa ikiwa wazazi walikusudia kumbatiza akafa kabla. Na utaratibu wa mazishi uliotolewa Roma mwaka 1969 una sala maalumu kwa ajili ya mtoto wa namna hiyo. Walutheri nao wanayo maandishi ya Martin Luther ya mwaka 1542, aliyoyaelekeza kwa wanawake walioharibikiwa na uzazi, ambamo anawaambia kwamba kilio cha moyo wa mama kwa ajili ya mtoto asiyebatizwa Mungu hukisikia kama sala. Viongozi wetu wa ibada wavisome vitabu hivyo kabla ya kufika kaburini, na wamtafute mapema mtu anayejua Ekegusii vizuri.